Sinia la Vikombe Vitupu

Harufu ya kahawa inayokaangwa wengine huiita harufu ya raha. Mimi kahawa naipika kila siku ya Mungu, na bado harufu yake ikinipanda puani hunishika roho. Buni zikianza kupasuka chunguni, moshi ukajaa uani, kisha ikafuata tangawizi iliyopondwa, uzee wangu wote huniondoka. Nakuwa tena mtoto wa kike mwenye misuko miwili, nimechutama mbele ya jiko la makaa nyumbani kwetu Kibokoni, nampepea mama moto, na nje ya ukuta nawasikia wanaume wakimla ndugu yangu mzima mzima. Sikukosea kusema. Walimla. Mtu haliwi kwa meno peke yake.

Nyumba yetu iko kwenye kona ya vichochoro viwili, na mbele yake kuna baraza la mawe lililolainika kwa kukaliwa tangu zama za babu. Baraza kama hilo ni la mwenye nyumba, na si lake. Mtu akishakaa huna ruhusa ya kumwondoa, hata akiwa hasimu yako, na akikaa baada ya sala ya alasiri ana haki ya kutolewa kahawa. Huo ndio uungwana tuliolelewa nao. Jambo jingine ni kwamba mwenye baraza husema mwisho. Watu watabishana mpaka mate yawakauke, kisha watamgeukia yeye, na atakalosema ndilo la mtaa. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya dirisha la vibao, tukipitisha sinia mkononi mwa yeyote aliye karibu. Vibao vyenyewe vilikuwa vimeachana kwa uzee. Vilipitisha upepo na vilipitisha maneno.

Na maneno ya baraza letu yalikuwa mpira. Wasije watu wakakudanganyeni kwamba wazee wa zamani walikaa barazani kuzungumza dini na mashairi tu. Baba yangu alikuwa mtu wa msikiti, hapitwi na sala, lakini kuanzia alasiri mpaka magharibi yeye na wenzake walikuwa wakiipanga timu ya mtaa wetu, Nyota, kana kwamba malaika wanasubiri orodha. Kipa ana mikono mizuri lakini hatoki golini. Beki wa kushoto ana mbio, akili hana. Wingi wa kulia ameoa juzi, basi miguu yake mnajua imekwenda wapi, na hapo wangecheka na baba angekohoa kuwakumbusha kwamba kuna watu ndani. Mimi nilikuwa sijapata kuuona mpira wa maana kwa macho yangu, maana watoto wa kike hatukupelekwa uwanjani. Lakini timu ile nilikuwa nikiijua mtu kwa mtu, kwa udhaifu wake, kama vile mtoto anavyojua sufuria zipi za mama zina tundu.

Kaka yangu Swaleh ndiye aliyekuwa senta fowadi. Alinipita umri kwa mbali, alikuwa kijana wa ndevu wakati mimi bado natumwa dukani. Mwaka uliotangulia alikuwa akifunga magoli mpaka watoto wa Kibokoni walikuwa wakiitana Swaleh wakicheza vichochoroni. Wakati huo kule bandarini kazini walikuwa na timu yao, na mchezaji wakimpenda humpa na kazi ya kudumu. Walikuwa wakimtazama Swaleh. Nyumba nzima ilijua. Baba alikuwa amechoka, duka lake la kamba na misumari lilikuwa halina tena wanunuzi, na mama alikuwa ameshaanza kusema, Swaleh akiingia bandarini tutafanya hivi, Swaleh akiingia bandarini tutatengeneza paa. Tulikuwa tumeezeka nyumba yote juu ya miguu ya mtoto wa watu, na mtoto mwenyewe ni wetu.

Kisha ukaja msimu mwingine, na magoli yakakauka. Hakuumia, hakuugua, hakuoa. Mpira tu ulikataa kuingia. Ulipiga mlingoti, ukapita juu, ukamwendea kipa mikononi. Michezo ya mwanzo watu walisema bahati mbaya. Iliyofuata walinyamaza. Baada ya hapo ndipo Bakari alipofungua mdomo.

Bakari alikuwa fundi wa kushona kanzu, kibanda chake kilitazamana na mlango wetu. Alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Nitamtendea haki, mpira alikuwa akiujua. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha, na mtu wa aina hiyo haangalii kicheko kimeanguka juu ya nani. Siku moja, sinia la kahawa liko katikati, nikamsikia akisema, "Yakhe, yule kijana apiga mpira kama mtu afunga mlango, asitake waliolala waamke." Wakacheka wote. Mwingine akasema mpira wampa yeye, yeye aurudisha kwa wenyewe, ni mtoto mwaminifu. Wa tatu akasema bora wasimamishe nguzo ya taa pale mbele, angalau jioni itawaka.

Swaleh alikuwa uani. Amekaa kwenye kigoda, viatu vyake vya mpira mapajani, anavipaka mafuta ya nazi kama ilivyokuwa desturi yake kila kabla ya mchezo. Mkono ulisimama. Mama alikuwa akitwanga kahawa kinuni, na alipoona ule mkono umesimama, akaanza kutwanga kwa nguvu. Alitwanga kama mtu anayeua nyoka, ili kishindo cha mchi kiyafunike yale maneno. Lakini buni zina mwisho. Zikawa unga, zikawa vumbi, na mama hakuwa na kitu kingine cha kutwanga. Akasimama na mchi mkononi. Tukasikia yaliyobaki yote. Kisha akachemsha, akamimina kwenye dele, lile birika la kahawa, akapanga vikombe kwenye sinia na visahani vya kashata, akawapitishia dirishani wale wale watu. Ndiyo haki yao.

Mambo yakaenda hivyo kila alasiri. Nataka nieleweke. Watu hawa hawakuwa maadui. Walimpenda Swaleh, walimbeba wakati wa kutahiriwa, wengine walikuwa wajomba zake. Wakimkuta njiani walimwuliza habari za nyumbani na kumpa mkono. Wakikaa barazani, huyo huyo wanampasua kama papa. Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nimeona vingine. Mcheza kwao hutuzwa siku anaposhinda, na siku anaposhindwa hana pa kukimbilia, maana pale anapotaka kukimbilia ndipo pale pale anaposengenywa.

Ukabaki mchezo wa mwisho wa kombe, dhidi ya timu ya Likoni, na habari zikaenea kwamba wakubwa wa timu ya bandarini watakuja kuangalia. Baraza likajaa kuliko siku zote. Hoja ilikuwa moja: tutamtoa wapi senta fowadi? Mmoja akataka wingi wa kulia ahamishwe katikati. Akajibiwa kwamba mtu hakati mkono kwa ajili ya kutibu kidole. Mwingine akataja kijana mmoja wa Lamu aliyekuja kutembelea shangazi yake, lakini huyo ilijulikana ameshaondoka. Hapo Bakari akasema habari za Wafula. Huyu Wafula alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mchukuzi wa magunia bandarini, si mwajiriwa, ni kibarua wa kuamkia geti akisubiri kuitwa. Bakari alikuwa amemwona akicheza na wenzake pekupeku karibu na nyumba za reli. Akasema yule akipiga mpira wavu unaomba dua. Wengine wakasita. Si mtu wetu, hatumjui, atakaa wapi, atakula wapi? Wakabishana mpaka kahawa ikaisha na mama akapeleka nyingine. Mwisho wakamgeukia baba.

Baba angeweza kusema mwacheni kijana amalize msimu. Neno lake lilitosha. Bakari akamwuliza, "Mwenye baraza, wewe wasemaje?" Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya jiwe. Baba akasema, "Mleteni."

Neno moja. Watu wakamsifu kwa uadilifu wake, kwamba hakumvuta mwanawe. Mtaa mzima ulizungumza habari hiyo, Mzee hana upendeleo, Mzee ni mtu wa haki. Mimi nimekaa na neno hilo maisha yangu yote, nimeligeuza huku na huku, na nasema ilikuwa hofu iliyovaa kanzu ya haki. Aliogopa kuambiwa anamtetea mtoto. Basi akamtoa. Swaleh alikuwa mlangoni mwa chumba, akaingia ndani, akalala kifudifudi mchana kweupe. Viatu alivitundika msumarini, na vikakaa pale mpaka ngozi ya viatu ikapasuka.

Sasa niwaelezeni jinsi mtaa wetu ulivyokuwa ukisajili mchezaji, kwa sababu vijana wa leo wakisikia usajili wanawaza mikataba na ndege. Kwetu mchezaji alisajiliwa kwa sahani. Mgeni akishakula katika nyumba za mtaa, amekuwa wa mtaa, hawezi tena kukuchezea kinyume, na mtaa nao umebeba heshima yake. Nyumba ya kwanza ya kumlisha ni nyumba ya baraza. Yaani yetu. Wala hakuna aliyeliona kosa hilo isipokuwa mama. Waliomtoa Swaleh wakamleta aliyechukua nafasi yake aje ale chakula cha mama yake Swaleh.

Wafula akaja baada ya kazi, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mikono imekwaruzwa na magunia. Alimwamkia mama kwa heshima kupitia pazia. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nilidhani labda ataupunguza chumvi au ataunguza makusudi. Hakufanya. Sinia liliwekwa ukumbini, na baba, Swaleh na Wafula wakala pamoja, mikono mitatu katika sinia moja. Swaleh alimkatia mgeni kipande cha samaki chenye mnofu akamwekea upande wake. Nililiona hilo kwa macho yangu kupitia tundu la pazia, na mpaka leo sijui aliitoa wapi nguvu. Siku zilizofuata Wafula akawa akija, na akichelewa kazini mama alimwekea bakuli la kauri lenye mfuniko, akalichukua akaondoka nalo.

Barazani wakamsifu sana, na kila sifa yake ilikuwa na kofi la Swaleh ndani yake. Huyu ana nguvu, si kama yule. Huyu haogopi beki, si kama yule. Wafula alikuwa amekaa ukingoni na kikombe chake. Siku moja Bakari akamwambia ajione ana bahati, amekuta nafasi iko wazi. Wafula akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Bwana Bakari, Swaleh akikosa goli mnamtoa kwenye timu. Mimi nikikosa mtanitoa mjini." Wakacheka, wakamwambia ana maneno. Yeye hakucheka. Mama alikuwa karibu na dirisha, akaacha alichokuwa akikifanya.

Siku ya mchezo wanaume wote walikwenda uwanjani Makadara, na kichochoro kikawa kitupu mpaka ukasikia paka akitembea. Mimi nilipanda juu darini, maana kutoka pale kelele za uwanja zilifika. Swaleh hakwenda. Alikuwa chini anachambua mchele pamoja na mama, kazi ambayo sikupata kumwona akiifanya kabla ya hapo wala baadaye. Mchezo niliusikia kama bahari, unakuja unarudi. Karibu na magharibi kelele zikapanda, zikazidi kupanda, nikasimama kwa vidole, kisha zikakatika. Hazikushuka, zilikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikajua. Baadaye ndipo tuliposikia kwamba ilikuwa penalti, na kwamba Wafula aliupeleka mpira juu ya mwamba wa goli, Nyota ikafungwa, na wakubwa wa bandarini waliondoka bila kumtaka mtu.

Kesho yake alasiri baraza likajaa kama matanga. Nilisema maneno waliyomsema Swaleh yalikuwa makali. Ulimi hauna mfupa, na kwa mgeni ulipoteza hata ngozi. Kwa Swaleh walisema miguu yake mizito. Kwa Wafula waliwasema watu wake. Walisema amehongwa. Walisema tumemlisha chui. Walisema mtu wa bara utampa wali lakini moyo hutampa. Bakari, aliyemtafuta yeye mwenyewe na kumsifu mpaka mate yakamjaa, ndiye aliyekuwa wa mbele, maana mtu aliyekosea hupiga kelele ili asisikike akiwa amekosea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na Wafula hakuwa mbali. Alikuwa amesimama ukumbini mwetu, ameingia kwa mlango wa uani, amekuja kurudisha bakuli la mama, ameliosha limetakata. Alisikia kila kitu. Swaleh alikuwa amesimama naye bega kwa bega.

Baba, barazani, alikuwa kimya. Alikuwa akisubiri zamu yake ya kusema mwisho.

Mama hakusubiri. Kahawa ilikuwa tayari kwenye dele, naona mpaka sasa mvuke wake. Akachukua sinia, akapanga vikombe vyote, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Dele akaliacha jikoni. Akalipitisha sinia dirishani, vikombe vitupu, vimepangwa vizuri kabisa, na visahani visivyo na kashata, akafunga dirisha. Wala hakulibamiza. Alilifunga kama kawaida.

Nje maneno yakakauka. Nyumba haijapata kufanya hivyo katika mtaa wetu, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Watu waliondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Baba alibaki peke yake na lile sinia mbele yake mpaka adhana ya magharibi, na alipoingia ndani hakumwuliza mama neno. Baraza halikujaa tena msimu ule. Walihamia barazani kwa mtu mwingine, kule chini karibu na bandari ya kale, na Nyota yenyewe haikuchukua muda ikafa, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Wafula aliondoka siku iliyofuata. Swaleh alimbebea sanduku mpaka stesheni ya reli. Wakatembea wawili, mchezaji aliyetolewa na mchezaji aliyemtoa, wakapita katikati ya mtaa na hakuna aliyewasemesha. Swaleh akapata kazi Liwatoni, kazi ya kukwangua makome chini ya vyombo vya wavuvi na kuvipaka rangi. Aliifanya mpaka mgongo ukapinda. Alioa, alizaa, alizeeka, alikufa akiwa mtu mwema. Lakini hakukaa tena kwenye baraza lolote. Hata arusini angesimama. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilimwuliza mama kwa nini hakupeleka vile vikombe vitupu mapema, walipokuwa wakimla mwanawe. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Akaniambia, "Kwa mwanangu wangesema ni uchungu wa mzazi, wangecheka, wangeendelea. Kwa mgeni wangu hawakuwa na la kusema." Akachambua kidogo, kisha akasema, "Lakini nilichelewa." Sikumwuliza tena.

Leo nyumba ni yangu, na baraza limejaa tena. Mjukuu wangu Feisal na wenzake hukaa pale pale, simu mkononi, wanaipanga timu ya Uingereza. Hawajapata kuiona hata kwa mbali, lakini wanajua beki gani ana goti bovu na nani auzwe. Senta fowadi wao mpya, waliyemsubiri kama mwezi wa Idi, amekosa magoli. Nawasikia. Gogo lile. Mzigo ule. Arudishwe alikotoka. Vijana wa hapa kwetu wanamwambia mtu mweusi mwenzao arudi alikotoka. Feisal alinionyesha picha yake, mtoto mdogo tu, ndevu hazijakamata, na chini yake matusi ya watu wa dunia nzima yanateremka kama mchanga. Nikauliza, huyu ana mama? Akacheka, akaniambia, "Bibi, huyo yuko Ulaya, hasikii." Nikamwambia hata wa kwetu walidhani hasikii, na kati yao palikuwa na vibao vya dirisha tu.

Sitawadanganya nikasema zamani kulikuwa na utu zaidi. Watu wanasema hivyo kwa kuwa waliosemwa wameshakufa. Sisi tulimjua Swaleh, tulijua jina la mama yake na chakula anachokipenda, na bado tulimla. Kumjua mtu hakukutuzuia. Tofauti ninayoiona ni moja. Juzi maneno yalipozidi, nilichukua sinia lile lile la mama, nikapanga vikombe vitupu, nikawapitishia. Wakatazamana. Mmoja akasema Bibi amesahau kahawa, miskini, ni uzee. Wakainuka kwenda dukani kununua soda, wanabishana njia nzima.

Feisal alibaki. Aliviangalia vile vikombe, akaniuliza vina nini. Nikatoka, nikakaa naye barazani, mimi ambaye sikuwahi kukaa pale, nikamweleza habari hizi zote kama nilivyozieleza hapa. Aliiweka simu kifudifudi. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake umebadilika, nikasema alhamdulillah, neno moja limeingia. Kisha akauliza kwa upole, "Lakini Bibi, ni kweli alikuwa akikosa magoli?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa akikosa. Nikachukua sinia langu nikaingia ndani.